Nguvu ya Kusubiri: Sheri Kavu ya Jerez na Asali ya Sagalla



Najua hapa Voi wamo Waislamu, na wamo Wakristo ambao kanisa lao haligusi kileo. Sikuja kumbembeleza mtu anywe. Nimekuja kusema juu ya ufundi mmoja mkubwa wa binadamu, ufundi wa kukifanya kinywaji kisubiri, na kueleza kwa nini naamini kaunti yetu ya Taita Taveta ina sababu ya kuujua kuliko kaunti nyingi za Kenya. Ni ufundi wa divai iliyotiwa nguvu, yaani divai ya kawaida iliyoongezewa kiasi kidogo cha pombe iliyokenekwa ili isiharibike. Sheri ya Uhispania, porto ya Ureno, Madeira, Marsala ya Sicily, zote ni ukoo mmoja. Nitaishika zaidi sheri, tena ile kavu isiyo na sukari, kwa kuwa ndiyo yenye mafunzo mengi.

Tuanze na tatizo lenyewe. Maji ya zabibu, maji ya muwa, tembo la mnazi, asali iliyoyeyushwa: vyote vikiachwa vitaingiwa na hamira, nayo hamira itakula sukari na kutoa kileo. Mpaka hapo hakuna aliyebuni kitu. Mnazi wa Pwani huanza kuchacha ukiwa bado kileleni, ndani ya kibuyu cha mgema. Shida ni kwamba kazi hiyo haisimami pale tunapotaka isimame. Hamira ikichoka huja bakteria wanaokula kileo chenyewe na kukigeuza siki. Mnazi wa asubuhi ni mtamu, wa jioni ni mkali, wa siku chache baadaye unafaa kwa achari tu. Bakteria hao wana udhaifu mmoja: kileo kikipanda kufikia asilimia 15 au zaidi, wengi wao hawawezi kuishi. Hamira nayo peke yake mara nyingi huishia 11 au 12 au 13. Pengo hilo dogo, la asilimia tatu hivi, ndilo lililozaa biashara ya karne nyingi.

Kusini kabisa mwa Uhispania, karibu na bahari ya Atlantiki, upo mji wa Jerez de la Frontera. Pamoja na miji ya Sanlúcar de Barrameda na El Puerto de Santa María unafanya pembetatu ambayo ndiyo kitovu cha sheri. Udongo wake bora ni mweupe, wa chokaa, na wenyeji huuita albariza. Hunywa mvua za majira ya baridi, kisha jua la kiangazi huukausha juu ukafanya ganda gumu linalofungia unyevu chini. Mizabibu hupita kiangazi kirefu bila tone la mvua kwa akiba hiyo. Zabibu inayotawala ni Palomino, nayo kwa kweli ni zabibu ya kawaida mno. Divai yake mbichi ni laini, haina uchachu wa kutosha wala harufu ya kukumbukwa. Ukipewa mezani hutauliza jina lake. Nasisitiza hili kwa ajili ya wale wanaosema sisi hatuna malighafi nzuri. Ukuu wa sheri haukutoka kwenye tunda. Ulitoka ghalani.

Divai ikishachacha mpaka sukari karibu yote imekwisha, mkuu wa ghala, anayeitwa capataz, huonja pipa kwa pipa. Lile lenye divai nyepesi na safi hulichora mstari wa chaki. Lile zito zaidi hupewa alama nyingine. Alama hizo ni hukumu. La kwanza litaongezewa pombe ya zabibu mpaka kileo kifike asilimia 15 au 15.5, nalo litakuwa fino, sheri kavu, nyeupe ya kimanjano. La pili litapandishwa hadi 17 au zaidi, nalo litakuwa oloroso, ya rangi ya kahawia. Tofauti ni asilimia mbili tu, lakini kinywaji kinachotoka huku na kinachotoka kule ni kama havijawahi kujuana.

Sababu ni kiumbe hai. Katika kileo cha asilimia 15, pipa likiachwa na nafasi juu, hamira za pekee hupanda na kutandaza utando mweupe juu ya divai yote. Wahispania huuita flor. Pipa la kawaida hubeba lita 600, nao hulijaza lita 500 hivi ili utando upate hewa. Utando huo hula hewa iliyo juu, hivyo divai chini yake haigusani nayo na haigeuki rangi. Hula pia sukari ndogo iliyobaki, hula kitu laini cha divai kiitwacho gliserini, hula hata kileo chenyewe kidogo kidogo, na badala yake huiachia divai harufu kali ya lozi na tufaha lililogongwa na unga wa mkate usiookwa. Ndiyo maana fino ni kavu kiasi cha kumshtua anayeionja mara ya kwanza. Pandisha kileo kufikia 17, hamira hizo hufa, hewa huingia, na divai huzeeka kwa njia nyingine kabisa.

Fikirini busara iliyo ndani ya kipimo hicho. Kumi na nne, siki huingia. Kumi na saba, utando hufa. Katikati pana kijia chembamba ambamo adui hawezi kupita na rafiki anaweza kuishi. Hawakukipata kwa maabara, kwani walikuwa wakikifuata kabla Louis Pasteur hajaeleza hamira ni nini katika karne ya 19. Walikipata kwa kuonja, kwa kuandika kwa chaki, na kwa kumwachia mtoto ghala ambalo baba alilishika miaka 40.

Hata namna ya kuongeza ile pombe ina adabu yake. Hawaimimini kwa ghafla. Kwanza huichanganya nusu kwa nusu na divai iliyokomaa, huiacha itulie, ndipo huingiza mchanganyiko huo pipani polepole, ili divai isishtuke ikavurugika. Na kiasi chake ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua lita 100 za divai yenye asilimia 12. Ili ufike 15 unahitaji pombe ya asilimia 95 isiyofika lita 4. Lita 4 kasoro katika lita 100! Porto huhitaji nyingi zaidi, karibu sehemu moja kwa nne, kwa sababu huingizwa mapema, hamira ingali kazini, ili iuawe na sukari ya tunda ibaki. Hapo ndipo utamu wa porto unapotoka. Sheri kavu hungoja hamira imalize kazi yake yote.

Kisha huja mpango wa mapipa, ambao mimi binafsi nauona kuwa ndio moyo wa habari hii. Mapipa hupangwa kwa tabaka. Tabaka la chini kabisa, lenye divai kongwe, huitwa solera. Juu yake yapo matabaka mengine, kila moja changa kuliko lililo chini. Divai ya kuuza hutolewa kwenye solera, lakini pipa halimalizwi kamwe. Huchotwa sehemu tu, pengo likajazwa kutoka tabaka la juu yake, na hilo nalo likajazwa kutoka juu zaidi, mpaka tabaka la mwisho linalopokea divai ya mwaka huu. Kwa hiyo katika kila glasi kuna tone la divai ya kale sana, na chupa ya fino kwa kawaida haiandikwi mwaka wa mavuno. Kuna faida nyingine isiyoonekana kwa macho: ule utando wa hamira ungekufa kwa njaa katika divai kongwe, na ile divai changa inayoshuka ndiyo inayouletea chakula. Kongwe humpa changa tabia, changa humpa kongwe uhai.

Sasa nawauliza wazee wa hapa: ufundi huo ni mgeni kwetu? Wakamba na Wakikuyu wamepika pombe ya asali na ya miwa kwa tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia kama soseji kando ya mito ya Tsavo, ambalo wenzetu huliita muratina. Tunda hukatwa, huchemshwa, hukaushwa, hutiwa katika kibuyu chenye asali na maji karibu na moto. Pombe ikiwa tayari tunda hutolewa, hukaushwa tena juani, na kuhifadhiwa kwa mara nyingine. Ndani ya nyuzi zake hubaki hamira. Tunda lililokwisha kutumika mara nyingi lina thamani kuliko jipya, na mpishi mzuri halitupi. Huo ni ujuzi uleule wa Jerez: cha zamani hubebeshwa kazi ya kukilea cha sasa. Tofauti ni kwamba wao walihifadhi divai na hamira, sisi tulihifadhi hamira peke yake, pombe tukainywa.

Na hatukuwa na haja ya kuihifadhi. Katika milima ya Taita pombe ya miwa ilikuwa na siku yake na watu wake. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi na Wataita katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alieleza jinsi tendo la kutasa lilivyokuwa kiini cha Wutasi, dini ya asili ya huku. Mzee huchukua funda la pombe ya miwa, au maji ya muwa yasiyochacha, hulitoa kinywani kwa kupuliza huku akitamka maneno ya kuondoa hasira moyoni na kuomba amani na afya. Yaani kinywaji kilikuwa na kazi iliyopangiwa, mikononi mwa mtu aliyepewa haki ya kukishika. Kipimo kilikuwa katika desturi. Pombe isiyodumu zaidi ya siku chache haiwezi kulimbikizwa, haiwezi kuuzwa mbali, na haimpi mtu nafasi ya kunywa peke yake chumbani mwaka mzima.

Divai iliyotiwa nguvu ilizaliwa mahali penye haja tofauti: haja ya safari. Jerez ilitawaliwa na Waislamu kuanzia mwaka 711 hadi 1264, na ingawa sheria ilikataza ulevi, ni katika ulimwengu huo wa Kiislamu ambako elimu ya kukeneka ilistawi. Al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliandika juu ya kukeneka manukato. Maji ya waridi ambayo bado hunyunyiziwa wageni katika harusi za Pwani yetu ni mtoto wa elimu hiyohiyo. Wakristo wa Ulaya walipoipokea, waliielekeza kwenye divai. Divai ya Jerez ikaanza kuvuka bahari. Mwaka 1587 Mwingereza Francis Drake alivamia bandari ya Cádiz na kuondoka na mapipa 2,900, na Waingereza hawakuiacha tena. Karne zilizofuata pombe ya zabibu ilitiwa zaidi na zaidi, kwa sababu pipa lililokaa miezi baharini bila nguvu ya kutosha lilifika siki.

Kisiwa cha Madeira kilijifunza jambo la kushangaza zaidi. Meli zilizotweka kwenda India na kurudi zilipitisha mapipa katika joto la tropiki mara mbili, na divai iliyotiwa nguvu ilirudi bora kuliko ilivyokwenda. Joto lililoua divai nyingine liliipika hii ikakomaa. Siku hizi hawahitaji meli. Huipasha moto kwenye matangi, nyuzi 45 hadi 50 kwa muda usiopungua miezi mitatu, au huiweka miaka mingi kwenye mapipa chini ya paa lenye joto la jua. Lishikeni hili la joto, nitalirudia.

Njia hiyo ya bahari ndiyo iliyowaleta Wareno Mombasa, ambako walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, nao hawakusafiri bila divai, ya mabaharia na ya misa. Huku kwetu Taita divai ya misa ilipanda na wamisionari Wakatoliki wa Bura katika miaka ya mwanzo ya 1890. Kanisa lenyewe lilikutana na tatizo la joto na safari, na mwishoni mwa karne hiyo Roma iliruhusu divai ya altare iongezewe pombe ya zabibu kwa masharti makali, isizidi jumla ya asilimia 18, kwa lengo la kuihifadhi tu. Nalipenda sana sharti hilo, kwa sababu limetamka wazi kusudi la nguvu.

Reli ilipopita hapa Voi mwishoni mwa miaka ya 1890, treni hazikuwa na mabehewa ya chakula. Abiria walioondoka Mombasa mchana walishuka Voi jioni na kula katika nyumba ya wageni ya reli. Mzungu aliyeketi mezani pale aliweza kuagiza kinywaji alichotaka. Mchukuzi aliyembebea sanduku hakuruhusiwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia pombe kali zisiwafikie Waafrika katika eneo kubwa la bara, na sheria za kikoloni za Kenya zikaendeleza ubaguzi huo hata baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sisemi tulikosa neema. Nasema tulitengwa na ujuzi. Kizazi kizima kilikua kikijua kuwa kinywaji cha chupa ni cha bwana, na chungu cha nyumbani ni cha kujificha.

Uhuru haukuliponya jambo hilo. Serikali ilipiga vita pombe za kienyeji mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1980 ikapitishwa sheria ya kukataza chang'aa. Angalieni kilichotokea. Busaa na muratina na pombe ya miwa ni nzito kuficha: zinahitaji mitungi mikubwa, zina harufu, zinachukua siku. Chang'aa hubebwa kwa kopo dogo. Ukimwambia mpishi akimbie polisi, unamwambia apike kitu kidogo chenye nguvu nyingi. Kwa njia hiyo tuliitenga nguvu na kinywaji chake. Jerez nguvu ilikuwa lita 4 katika lita 100, mtumishi wa kulinda kazi ya miaka. Kwetu nguvu ikawa ndiyo bidhaa yenyewe, ya kulewa upesi kwa bei ndogo. Na mahali ambapo kinachouzwa ni nguvu tupu, mlaghai ataiongeza kwa chochote. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, ile inayotumika viwandani. Mei 2014 wakafa wengine wengi katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwamo. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Wengine walipona lakini hawataona tena, kwa sababu methanoli hushambulia mishipa ya macho. Hawa walikuwa waume na wana wa watu, na mimi siwezi kuwataja kama tarakimu nikapita.

Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliihalalisha chang'aa kwa masharti ya leseni na chupa ya kioo. Ilikuwa hatua ya akili. Lakini kodi inavuta upande mwingine. Kwa mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024, ushuru hutozwa kwa kileo halisi kilichomo, jambo jema kwa kanuni. Viwango vyenyewe ndivyo vinavyonisikitisha: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo kilichomo katika divai, zikiwamo zilizotiwa nguvu, na shilingi 10 kwa sentilita ileile ikiwa katika pombe kali. Fanyeni hesabu pamoja nami. Chupa ya mililita 750 ya divai ya asilimia 15 ina sentilita 11.25 za kileo, basi ushuru wake ni shilingi 253. Kichupa cha mililita 250 cha pombe kali ya asilimia 40 kina sentilita 10, karibu sawa, na ushuru wake ni shilingi 100. Kijana mwenye shilingi chache mfukoni ataelekezwa na hesabu hiyo hata kama hajawahi kuisoma. Nchi inayozika watu kwa ajili ya pombe kali haipaswi kuipa nafuu pombe kali. Nasema hivyo bila kupepesa macho, na ningependa wabunge wetu wa kaunti hii walipeleke jambo hili Nairobi.

Wapo walioanza kutengeneza divai Afrika Mashariki, na wanastahili heshima. Dodoma mizabibu ilipandwa na wamisionari wa Bihawana mwaka 1957, na leo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Divai yake nzito na tamu ina wanywaji wake waaminifu Tanzania nzima. Kwetu kampuni iliyokuwa ya serikali, Kenya Wine Agencies, iliyoundwa mwaka 1969, iliwahi kutengeneza divai ya mapapai, na Naivasha mizabibu ilijaribiwa katika miaka ya 1980. Lakini karibu wote walitaka kuiga kinywaji cha mezani cha Ulaya, kinachotaka ubaridi na kunywewa kikiwa kipya. Kwa Voi, njia hiyo ni ya kuhangaika na majokofu. Njia ya mapipa yanayosubiri naiona imetufaa zaidi, na nieleze kwa nini.

Hatuna zabibu, tuna asali. Chini ya kilima cha Sagalla, tangu mwaka 2009, wakulima wa Mwakoma na vijiji jirani wamekuwa wakizungushia mashamba yao ua wa mizinga, pamoja na watafiti wa Save the Elephants. Mizinga huning'inizwa kwenye waya kati ya nguzo. Ndovu wa Tsavo akiusukuma waya gizani, mizinga yote huyumba, nyuki hutoka, naye mara nyingi hurudi alikotoka. Mkulima hubaki na mahindi yake na asali juu yake. Asali nzuri iuzwe kama asali, hilo halina mjadala. Lakini kila mrina anajua kuna ile isiyouzika: iliyovunwa kabla masega hayajazibwa, yenye maji zaidi ya asilimia 20, ambayo itachacha ndani ya chupa na kumwaibisha muuzaji. Yapo pia maji ya kuoshea masega. Hiyo ndiyo malighafi. Gramu 250 hivi za asali kwa lita hutoa kileo cha karibu asilimia 12 ikichacha mpaka ikauke, maana yake kilo 25 kwa pipa dogo la lita 100.

Asali ina ugumu wake. Haina chakula cha kutosha cha hamira, hivyo huchacha kwa kujikokota na huweza kukwama njiani. Hapo ndipo tunda la mwegea linapostahili kuchunguzwa kwa makini, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipo hapahapa Voi, kwa hiyo kazi hiyo isiende kufanywa Ulaya. Ile pombe ya kuongezea isikenekwe vichochoroni. Inunuliwe kiwandani, iliyopimwa. Kiwanda cha Muhoroni hukeneka pombe safi kutokana na molasi ya miwa, na kwa watu waliotasa kwa maji ya muwa sioni ubaya wowote pombe ya muwa ikilinda divai ya asali.

Nalo joto? Kaunti hii ina hali mbili za hewa ndani ya mwendo wa saa moja kwa gari. Voi, mita chini ya 600 juu ya bahari, ni jua na ukavu. Utando wa flor hauwezi kuishi hapa. Unataka nyuzi 15 hadi 20 na unyevu, ndiyo maana maghala ya Jerez yana dari ndefu, sakafu za udongo zinazomwagiwa maji, na madirisha yanayoelekea upepo wa baharini. Lakini Voi ndiyo Madeira yetu. Pipa chini ya paa la mabati hapa mjini litapikwa na jua lilelile ambalo watu wa kisiwa kile hulitafuta kwa paa na kwa moto. Panda sasa Wundanyi, mita zaidi ya 1,400, penye ukungu na nyumba za mawe zenye baridi. Huko ndiko ningejaribu divai kavu chini ya utando. Katika ghala kavu maji hutoroka pipani kuliko kileo, nguvu ikapanda. Katika ghala lenye unyevu hutoroka kileo, nguvu ikashuka. Asali moja, nyumba mbili, vinywaji viwili vinavyoweza kukaa jirani hivi.

Niseme pia kwamba watu wa Jerez wenyewe hawakuganda. Kanuni zao za kwanza ziliandikwa katika miaka ya 1930, na hivi karibuni wamekubali kuwa divai inayofika asilimia 15 kwa nguvu ya zabibu zenyewe inaweza kuitwa sheri bila kuongezewa pombe. Waliozoea kupima hawaogopi kupima upya.

Kikwazo kikubwa ninachokiona ni fedha za kungoja. Sheria ya Jerez hairuhusu sheri iuzwe kabla ya miaka 2 pipani, na hapa nisingeshauri pungufu ya 3. Sakko zetu hukopesha kwa marejesho ya kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza. Hakuna pipa linaloweza kulipa hivyo. Kwa hiyo mpango uanze na vinavyouzika mapema. Pipa litakaloharibika, na yataharibika kadhaa, liachwe ligeuke siki ya asali kwa makusudi. Jerez nayo huuza siki yake kwa jina linalolindwa kama divai yake, na siki haina ushuru wa kileo, wala haimkwazi Mwislamu wala Msabato. Mwaka wa kwanza kikundi cha warina kiuze asali na siki. Mwaka wa pili kiongeze tabaka la pili la mapipa bila kugusa la kwanza. Mwaka wa tatu kichote theluthi tu ya tabaka la chini, kijaze pengo kutoka juu, na kuanzia hapo pipa hilo lisikauke tena. Kaunti ikiweza kutoa dhamana ya miaka hiyo 3 kwa kikundi kimoja cha Sagalla na kimoja cha Wundanyi, hiyo ni gharama ndogo kuliko nyingi zinazopita katika bajeti yake kila Juni, na ningeomba maafisa wa kilimo na wa ushirika waliomo humu tukae nao baada ya maswali tuandike makisio yake.